Mfalme Aliyekaa Kulia

Sajenti Mwanvua aliibwaga picha juu ya meza ya mkuu wake kama mtu anayetua mzigo wa kuni.

"Afande, umeiangalia hii?"

"Nimeiangalia. Ubao wa sataranji. Na maiti iko upande ule ambao mpiga picha hakutaka kuuonyesha." Inspekta Pastory aliisukuma picha kando kwa ncha ya kalamu. "Sajenti, kesi hii imekwisha. Unachelewesha watu."

Nje ya kituo, watu wa Ujiji walikuwa wamekaa chini kando ya uzio tangu walipotoka makaburini. Kila baada ya muda sauti moja ilipanda, nyingine zikaifuata: "Tupeni Mrundi wetu! Tupeni!" Huo ulikuwa mwaka wa tisini na saba, mwaka ambao gari lenye kipaza sauti lilizunguka mitaa ya Kigoma likiwaambia wakimbizi wote warudi kambini. Watu walikuwa wamechoka, na mtu aliyechoka hakosi wa kumlaumu.

"Nuhu ameeleza vizuri," Inspekta aliendelea. "Alipita kwa mwalimu wake wa sataranji baada ya swala ya Magharibi. Akamkuta Mzee Luqman anacheza na huyu Nikodemu, wanabishana. Mzee ana jeshi jeupe, Mrundi ana jeusi. Mchezo ndio kwanza umeanza. Nuhu akaenda zake msikitini. Anarudi baada ya Isha, Mzee yuko chini, kapigwa mchi wa kinu kisogoni, na Mrundi hayupo. Asubuhi tunamkamata mtaani kwake Buzebazeba, mfukoni ana farasi wa sataranji ya marehemu. Sasa unataka nini? Malaika ashuke atie sahihi?"

"Nikodemu anasema walicheza alasiri, wakamaliza, akaondoka jua halijazama."

"Nani alimwona akifika kwake?"

"Wote anaoishi nao nyumba ile."

"Wakimbizi."

"Watu, afande."

"Wakimbizi!" Inspekta alipiga meza. "Mkimbizi atamtetea mkimbizi mwenzake hata akimwona na kisu mkononi. Leo hii naandika shtaka la kuua. Ukitaka kunizuia, niletee kitu. Usiniletee huruma."

Mwanvua aliichukua picha yake. Hakuwa na huruma hata chembe. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo ilikuwa na sababu moja: katika picha ile, mahali pa farasi mmoja mweusi palikuwa na kizibo cha soda.

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa Ujiji, nyuma ya soko la samaki. Uani mawese yalikuwa motoni, na harufu yake ilijaa hadi ukumbini. Bi Shadya, mjane, alikuwa ndani ya eda. Alikaa juu ya mkeka chumbani, amejifunika kanga iliyopauka, tasbihi mkononi. Mwanvua alivua viatu mlangoni.

"Asalaam aleikum, Bi Shadya."

"Waaleikum salaam. Umekuja kuniambia mmeshamnyonga?"

"Bado, dada yangu."

"Basi umekuja kufanya nini? Mimi nimekaa hapa siruhusiwi kutoka. Ningekuwa natoka, ningekuja mwenyewe nimtoe macho." Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, huku punje za tasbihi zikienda moja moja. "Alikuwa anakula hapa. Mgebuka wa kukaanga, ugali wa muhogo, sahani yangu mwenyewe. Nilimwambia Luqman, huyu mtu humjui, amekuja na mtumbwi usiojulikana ulikotoka. Akanijibu, anajua sataranji. Kama kwamba sataranji ni dini!"

Mwanvua alimwacha amalize. Yeye pia alishawahi kukaa eda. Alijua kwamba mwanamke aliye katika hali ile humwoni akilia mbele ya wageni. Utamsikia akigomba.

"Bi Shadya, nikuulize juu ya farasi. Yule mweusi aliyekutwa mfukoni mwake. Aliiba?"

Tasbihi ilisimama.

"Yule farasi alivunjika," Bi Shadya alisema. "Nilimkanyaga mimi, kichwa chake nikakifagia pamoja na taka. Luqman alikasirika siku nzima. Akampa huyo Mrundi amchonge mwingine wa kufanana. Anajua kuchonga."

"Alimpa lini?"

"Si jioni ileile! Walipomaliza mchezo. Nilikuwa namenya ndizi, namsikia Luqman anamwambia Mrundi: 'Mwalimu, mchukue mgonjwa wako.' Wakacheka. Halafu mimi nikaenda Gungu kwa dada yangu kumtazama mtoto wake, nikarudi nikakuta..."

"Kwa nini hukuwaambia polisi?"

"Mlikuja kuniuliza? Mlimuuliza Nuhu. Nuhu ni mtoto wa marehemu kaka yake Luqman, tumemlea humu. Mlimuuliza yeye, mkaniambia mama pumzika." Alimtazama Mwanvua kwa ukali. "Na usidhani nimemtoa hatiani. Mtu anaweza kupewa farasi na akarudi kuua."

"Anaweza," alikubali Mwanvua. Akatoa picha kwenye mkoba, akaigeuza isionekane. "Bi Shadya, kuna mwili pembeni, hauonekani hapa. Nataka uangalie ubao tu. Utaweza?"

Mjane alinyoosha mkono. Aliitazama picha kwa muda mrefu, midomo ikicheza kama anayesoma dua.

"Ubao wake," alisema. "Kete zake."

"Marehemu alikuwa anawapangia wageni kete, au?"

"Kumpangia mtu? Haiwezekani. Kila mtu anapanga jeshi lake kwa mkono wake. Baba yake Luqman alimfundisha hivyo, na yeye akawafundisha vijana. Ukigusa kete za mwenzako kabla mchezo haujaanza, umemtukana." Alirudisha picha. "Mambo ya sataranji mimi siyajui, lakini makelele yake nayajua. Tangu Kigoma walipoitwa kwenye mashindano ya Tabora, humu ndani hakuna amani. Luqman na Nuhu, kila siku. Mfalme akae wapi, mfalme akae wapi. Nikasema jamani, akae Ikulu, mniache nilale!"

"Mfalme akae wapi? Ndivyo walivyogombana?"

"Ndivyo. Luqman anamwambia, Tabora hawachezi kiujiji, jifunze. Nuhu anasema, yeye hawezi kumkalisha mfalme kama Wazungu wanavyotaka. Sasa hayo yanakuhusu nini?"

Mwanvua alikuwa amekwisha kusimama, anavaa viatu.

"Mungu akupe subira, dada yangu."

"Subira ninayo. Niletee haki."

*

Kituoni alimtoa Nikodemu mahabusu, akamketisha kwenye chumba cha maelezo. Alikuwa mtu mrefu, mwalimu wa shule huko kwao Rumonge kabla ya vita. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba, na Mwanvua hakuuliza nani wa zamu aliyemvimbisha. Alilijua jibu, na suala hilo lilikuwa na siku yake.

Alimwaga kete mezani kutoka kwenye mfuko wa vielelezo.

"Panga jeshi jeusi."

"Mama, mnataka kunichezea?"

"Panga."

Nikodemu alipanga. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Ngome pembeni, farasi mmoja, nafasi ya farasi wa pili akaiacha wazi. Alipofika katikati alimweka malkia kulia, na mfalme kushoto kwake.

"Kwa nini mfalme umemweka kushoto?"

"Ni kanuni. Malkia anatazamana na malkia, mfalme na mfalme. Ukiwa na weupe, mfalme wako anakuwa kulia. Ukiwa na weusi, anakuwa kushoto. Mapadri walitufundisha hivyo seminari, na dunia yote ni hivyo." Akasita. "Isipokuwa hapa Ujiji. Hapa wenyewe wanamwita malkia waziri, na kila mtu mfalme wake yuko kulia, weupe kwa weusi. Wafalme hawatazamani."

Mwanvua aliitoa picha mkobani. Aliiweka picha mapajani, chini ya meza, akaangalia. Jeshi jeupe: mfalme kulia, na hilo halisemi kitu, kwa kuwa Ujiji na dunia wanakubaliana hapo. Jeshi jeusi: kizibo cha soda mahali pa farasi. Waziri. Na mfalme, mkono wa kulia.

Alimwita askari wa zamu. "Nenda Ujiji kamlete Nuhu. Mwambie namhitaji kwa heshima. Na mwambie Inspekta aje asimame dirishani."

Kisha akamgeukia Nikodemu. "Nuhu unamweza kwenye sataranji?"

"Kwa kanuni zipi?"

"Zozote."

"Namweza," alisema Nikodemu, na kwa mara ya kwanza tangu akamatwe aliinua kidevu.

*

Nuhu aliingia na kanzu yake ya msibani, kofia imenyooka, uso wa mtu aliyepewa pole na mji mzima. Alipomwona Nikodemu ameketi bila pingu alisimama mlangoni.

"Shikamoo, afande. Huyu anafanya nini hapa?"

"Marahaba, Nuhu. Pole tena na msiba. Kaa." Mwanvua aliusogeza ubao mtupu katikati. "Nataka kuielewa jioni ile, na mimi sataranji siijui. Nimemuuliza huyu kama anakuweza. Amesema anakuweza, kwa kanuni zozote."

Nuhu alicheka, kicheko kifupi cha puani. "Amesema hivyo? Huyu?"

"Si umemsikia mama," alisema Nikodemu.

"Wewe nyamaza, muuaji."

"Kaa ucheze," alisema Mwanvua. "Muuaji atajulikana. Nikodemu achukue weupe, wewe chukua weusi."

Nuhu aliketi. Alipanga kete zake bila kuziangalia, kama mtu anayetia wudhu, macho kwa Nikodemu muda wote. Mahali pa farasi aliyekosekana aliweka kifungo alichokiokota dirishani. Waziri. Mfalme, mkono wa kulia.

Nikodemu aliuona ubao, akafungua mdomo. Mwanvua aligonga meza kwa kidole, mara moja tu, na mdomo ukafungwa.

Mweupe akaanza: askari wa mfalme, hatua mbili.

"Tazama!" Nuhu alimwambia Mwanvua. "Hatua mbili. Hata askari wao wanakimbia kama wao wenyewe walivyokimbia kwao."

"Cheza," alisema Nikodemu.

Nuhu alisogeza askari wake hatua moja, taratibu, kwa kuringa. Nikodemu akamtoa farasi. Nuhu akasogeza askari mwingine hatua moja. Nikodemu akamtuma tembo wake mshazari, mbali, hadi upande wa pili, akasimama anamtishia yule askari wa mwanzo.

"Unafungua mchezo kama mwizi anayefungua nyumba," alisema Nuhu. "Haraka haraka, kabla mwenyewe hajaamka. Sisi hapa kwanza tunajenga. Mzee alikuwa anasema, anayekimbilia katikati anakufa katikati."

"Mzee pia alisema wewe hutafika Tabora," alisema Nikodemu.

Mkono wa Nuhu uliruka, kete mbili zikaanguka. Mwanvua aliushika mkono ule juu ya ubao, akaushusha mezani kama anavyoshushwa mkono wa mtoto.

"Simameni hapo. Nuhu, kabla hamjaendelea, nifundishe. Mbona mfalme wako hamtazami mfalme mwenzake?"

"Kwa sababu hapa ni Ujiji." Bado alikuwa anahema. "Mfalme hakodolewi macho na mfalme. Kila mtu wa kwake yuko mkono wa kulia, kama mtu mwenye heshima zake. Tumeikuta hivyo toka enzi za misafara."

"Na huyu Nikodemu? Anapanga hivyo?"

"Huyu? Thubutu! Yeye akipewa weusi anamkalisha mfalme kushoto. Nimemwona mara nyingi. Juzi tu, siku moja kabla ya msiba, nimemcheka barazani mbele ya watu."

"Na hajabadilika?"

"Ng'ombe habadiliki pembe."

"Sawa. Na kupanga, huwa mtu anampangia mwenzake?"

"Hakuna. Ni adabu ya mchezo. Kila mtu jeshi lake."

"Hata Mzee Luqman hakuwa anampangia mtu?"

"Mzee! Mzee ndiye aliyetuchapa viboko kwa hilo!"

"Na jioni ile Nikodemu alikuwa na jeshi gani?"

"Jeusi. Si nimeshaandika? Mzee ana weupe, huyu ana weusi, nimewaacha wamesogeza kete chache tu."

"Umeandika, kweli," alisema Mwanvua. Akaiweka picha juu ya ubao, katikati ya kete. "Basi niambie, Nuhu. Jeshi jeusi hili. Mfalme huyu aliyekaa kulia. Alimpanga nani?"

Nje watu walikuwa wanaimba tena. Nuhu aliitazama picha, kisha ubao ulio mbele yake, kisha picha.

"Labda Mzee alimpangia."

"Umesema viboko."

"Labda... labda alikuwa amejifunza kwetu."

"Umesema pembe za ng'ombe."

Nuhu aliisukuma picha pembeni.

"Nikusaidie," alisema Mwanvua, na sasa sauti yake haikuwa ya mtu anayefundishwa. "Uliyepanga ubao huu ulitaka uonekane mchezo wa Nikodemu. Ukakumbuka kwamba yeye na Mzee wanafungua kwa hatua mbili, ukamsukuma askari mweupe hatua mbili. Vizuri. Ukatafuta farasi wa pili, humwoni. Ulikuwa hujui kwamba Mzee ameshampa Nikodemu akamchonge upya, ukaweka kizibo cha soda. Sasa mtu mwenye farasi mfukoni atachezaje na kizibo, Nuhu? Farasi hata bila kichwa ni farasi. Lakini hayo yote ungeweza kuyazungumza mbele ya hakimu. Mfalme huwezi. Mfalme ulimpanga kwa mkono, hukumpanga kwa akili, na mkono wako ni wa Ujiji."

"Mimi sikumuua."

"Ulikuwa unatafuta nini kwenye ubao wa mtu aliyekufa?"

"Sikukusudia!"

Dirishani Inspekta Pastory aliitoa kalamu mdomoni.

"Sikukusudia," Nuhu alirudia, na ghafla akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mimi ndiye bingwa hapa! Mimi! Toka sijabadilisha meno nimekaa miguuni pake, nimebeba mkeka wake, nimewasomea dua wagonjwa waliomjia. Halafu ananiambia, Nuhu, Tabora meza ya kwanza atakaa Mwalimu Nikodemu, nimemwombea kibali cha kusafiri. Wewe baki. Mimi nibaki! Nibaki, na jina la Ujiji lipande treni na mtu aliyekuja na mtumbwi! Nikamwambia, baba, huyu mtu si wetu. Akanipa mgongo. Alinipa mgongo, afande, akainama kuziokota kete zake, kama mimi si mtu."

"Mchi ulikuwa wapi?"

"Kwenye kinu. Hapohapo mlangoni."

Inspekta aliingia na pingu. Hakumtazama Mwanvua wala Nikodemu. Alizifunga mwenyewe, akamsukuma Nuhu hadi korido.

*

Aliporudi, Inspekta alifunga mlango.

"Mpitisheni huyu mlango wa nyuma," alisema. "Wale wa nje bado hawajui. Akae kichakani hadi watawanyike, kisha aende kambini kama walivyoamriwa. Na aache kuzurura mjini."

"Aliingizwa kwa mlango wa mbele, afande," alisema Mwanvua. "Mchana kweupe, amefungwa kamba, watu wanamtemea mate. Nilikuwepo. Atatoka kwa mlango uleule."

"Watamuua!"

"Basi toka wewe kwanza, uwaambie ni nani aliyemuua Mzee Luqman. Utamke jina. Wewe ndiye uliyewaambia la kwanza."

Inspekta alimtazama alivyosimama. Alichukua kofia yake, akatoka. Walimsikia akiwaita watu wanyamaze. Walimsikia akitaja jina la Nuhu, mara ya kwanza kwa kunong'ona, mara ya pili kwa sauti, kwa sababu watu walipiga kelele kwamba anasema uongo. Kisha kimya kikatanda hadi ngazi za kituo.

Nikodemu alikuwa bado ameketi. Alikuwa anaokota kete mezani, anazirudisha kwenye mfuko.

"Twende," alisema Mwanvua. "Ni salama sasa. Umshukuru Mungu."

"Nimshukuru." Hakuinuka. Jicho lake la kulia, lile zima, lilikuwa jekundu. "Mama, unajua tulizungumza nini na Mzee jioni ile, kabla sijaondoka? Aliniambia, Mwalimu, ukae nikufundishe kupanga kiujiji, ili vijana waache kukucheka. Ni jambo dogo, mfalme unamhamisha tu. Nikamwambia, leo nimechoka, siku nyingine."

Mwanvua alishika kitasa cha mlango.

"Ningekubali, Mama, ningeufuata mkono wake kwa heshima. Na leo mngekuwa mmeninyonga. Watu wanne walisema nilikuwa nyumbani, hamkuwasikia. Mke wa marehemu alijua habari ya farasi, hamkumuuliza. Kipande cha mti ndicho mlichokiamini." Alisimama, akaweka mfuko wa kete mezani mbele yake. "Imana irabizi. Mungu anajua. Fungua mlango."

Mwanvua alifungua. Alitangulia yeye, na hakuwatazama watu usoni; wote walikuwa wanamtazama mwalimu na jicho lake lililovimba.